Kinachopotea Kisomwe Kwanza

Majina ya vitabu ninavyotaka kusoma yalikuwa yametapakaa kila mahali: kwenye kaunta buku la kijani nililoanza nalo chuo, kwenye simu, kwenye picha za majalada nilizopiga nikiwa napita mjini, na kwenye meseji za WhatsApp nilizoziwekea nyota. Mwezi uliopita nilikaa nikayahamishia yote kwenye kaunta buku, kwa mkono, jina baada ya jina. Yalivuka 300. Mimi husoma kitabu kimoja kwa mwezi, mwezi ukinyooka viwili. Chukua 300 ugawe kwa 12, unapata miaka 25, na hapo sijaongeza hata jina moja jipya.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, si mbali na bandari. Wanaoijua kazi hii wanajua kusubiri kwake: unasubiri nyaraka za mteja, unasubiri mfumo ufunguke, unasubiri mzigo ukaguliwe. Vitabu vyangu vingi vimesomwa kwenye kusubiri huko, na vingine usiku nyumbani Kimara, watoto wakishalala. Kwenye basi la mwendokasi asubuhi sijaribu kabisa, maana mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umekumbatia mkoba. Kwa hiyo muda wangu wa kusoma naujua ulivyo na sioni utaongezeka kutoka wapi. Cha kupunguzwa ni orodha.

Bandarini kila mzigo una mwenyewe. Una jina la mpokeaji, una tarehe ya kushushwa, na ukipitiliza siku zake unaanza kuhesabiwa gharama za kuhifadhi. Asipotokea mtu, mwisho wake ni mnada. Nikaanza kuyapitia majina yangu kwa jicho hilo. Mbele ya kila jina niliandika nani alinipa na nilikitakia nini. Yale ambayo sikuweza kuandika chochote mbele yake niliyakata palepale. Humo kulikuwa na riwaya nilizoziona kwenye orodha za "vitabu 100 vya kusoma kabla hujafa", kulikuwa na vya kupanga bajeti, na kulikuwa na wasifu wa watu ambao hata sura zao sizijui. Karibu theluthi nzima iliondoka jioni ile moja, na mpaka leo sijakumbuka hata kimoja.

Kazi ilikuwa kwa yaliyobaki, kwa sababu yote yalikuwa na mwenyewe. Watu wengi hushauri ubakize kile ambacho moyo unakitaka leo. Kwangu ushauri huo haukati kitu, moyo unavitaka vyote. Nikajiuliza swali la namna nyingine: kitabu hiki nikikiacha leo, miaka kumi ijayo nitakipata hapa Dar es Salaam?

Swali hilo liliipasua orodha katikati. Riwaya ya Kiingereza inayozungumzwa dunia nzima mwaka huu, nitaipata. Itakuwepo dukani, itakuwepo kwenye simu, na baada ya miaka michache itashuka kwenye meza za vitabu vya mitumba kwa bei ya sahani ya chipsi mayai. Haina haraka. Lakini riwaya ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1975 na ambayo haimo kwenye mtaala wa shule, hiyo kila mwaka nakala zake zinapungua. Moja inaliwa na mchwa, nyingine inalowa mvua ya masika, nyingine mwenyewe anafariki na watoto wanaiuza kwa kilo ikafungiwe maandazi.

Sisi wa rika langu tumekuta vitabu hivi ni adimu, tukadhani ndivyo vilivyokuwa siku zote. Havikuwa hivyo. Kulikuwa na East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ikawa inachapa kwa ajili ya nchi zetu kwa pamoja. Ndiyo iliyotoa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1971, na Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na shirika hilo la pamoja likavunjika nayo. Hapa kwetu kulikuwa na Tanzania Publishing House, kampuni ya umma, iliyotoa Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi mwaka 1978 na Kuli mwaka uliofuata. Halafu ikaja miaka ya themanini, uchumi ukayumba, hata karatasi ikawa ya kutafuta. Kitabu kikiisha ghalani, hakuna aliyekuwa na uhakika kama kitachapwa tena. Walter Bgoya, aliyeiongoza kampuni hiyo kuanzia 1972, alikuja kuanzisha kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota mwaka 1991, na vitabu kadhaa tulivyo navyo leo tunavisoma kwa sababu ya watu kama yeye kutokata tamaa.

Kingine kilichookoa vitabu ni mtaala. Kitabu kikiwa cha Kidato cha Nne au cha Sita, utakikuta kila duka la vifaa vya shule kuanzia Kariakoo mpaka Mbagala, pamoja na uhakiki wake pembeni. Kikitoka kwenye mtaala, au kisipoingia kamwe, kinabaki mikononi mwa wenye bahati.

Kuna mzee anayeuza vitabu vya mitumba kwenye njia ya waenda kwa miguu, upande wa Posta. Ananifahamu. Siku moja nilipita na haraka zangu, nikamwamkia kwa mbali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Njoo kwanza, leo nina cha kwako."

Hakukichukua mezani. Aliinama, akavuta boksi la chini, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Kilikuwa Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1974. Mgongo wa kitabu ulikuwa umeungwa kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Ukurasa wa kwanza una muhuri wa maktaba ya shule ya sekondari, wino wa zambarau, umefifia upande mmoja. Nyuma bado imebandikwa ile karatasi ya kugongea tarehe za kurudisha, zimejipanga kwa safu mbili, na ya mwisho ni ya mwaka 1986. Pembeni ya ukurasa mmoja, mwanafunzi ambaye leo pengine ana wajukuu ameandika kwa penseli: "Kazimoto anakosea hapa." Nilisoma maneno hayo nikiwa nimesimama palepale, watu wananipita kushoto na kulia.

Nikamuuliza bei, akataja elfu kumi. Nikaomba anipunguzie, kama kawaida yetu.

"Vingine vyote nakupunguzia. Hiki hapana. Kikienda hiki, sijui kingine nitakitoa wapi."

Nililipa. Na nilipokuwa nikikata majina mwezi uliopita, sauti ya huyu mzee ndiyo iliyokuwa ikinijia. Yeye anaijua hali ya vitabu vya mji huu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, kwa sababu anaona kinachoingia na anaona kisichoingia tena.

Basi nikaanza kukata.

Vitabu vya mafanikio viliondoka vyote. Nasema hivi nikiwaheshimu wanaovisoma, maana dada yangu alifungua duka lake la nafaka baada ya kusoma kimojawapo na duka limesimama mpaka leo. Ila vitabu hivi ndivyo vilivyojaa kuliko vyote kwenye meza za barabarani, vinachapwa na kudurufiwa kila siku. Nikivihitaji nitavikuta.

Riwaya nene za kigeni, za kurasa 800 na kuendelea, nilibakiza moja tu, na sitaitaja kwa sababu nataka kumalizana nayo kimyakimya. Kitabu kimoja cha aina hiyo kinakula nusu mwaka wangu. Katika nusu mwaka naweza kusoma Nagona na Mzingile, ambavyo Kezilahabi alivitoa mwaka 1990 na 1991 na vyote ni vyembamba, nikavisoma tena mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza havikubali kueleweka, na bado nikabakiwa na nafasi ya vitabu vingine vitatu.

Palipoleta shida ni Abdulrazak Gurnah. Alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi Oktoba 2021, nilikuwa nimeandika riwaya zake zote kumi, safu moja ndefu, kwa furaha ya kuona mtoto wa Unguja amefika huko. Lakini furaha ya kumwona mtu ametuzwa na hamu ya kukisoma kitabu fulani ni vitu viwili tofauti. Nimebakiza kimoja: Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Hicho nakitaka kwa sababu ni hadithi ya pwani yetu imerudi katika lugha ya pwani yetu, ya kijana Yusuf anayetolewa na baba yake kulipia deni, akaondoka na mfanyabiashara anayemwita ami. Nikikimaliza, kama kitanivuta kwenye kingine, nitakwenda. Siandiki tena mwandishi kwa safu nzima. Kitabu kimoja kinatosha kumkaribisha, vinavyofuata vitajileta.

Walter Rodney nilimsogeza upande wa kusubiri, na hapo niliumia. How Europe Underdeveloped Africa ni kitabu cha mji huu. Mwandishi alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1972 kilitolewa na Tanzania Publishing House pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London. Kila mtu makini ninayemheshimu amekisoma. Lakini kitabu hicho kinachapwa tena na tena duniani, hakiendi popote. Kama kanuni yangu ni ya kweli lazima ikubali hata pale inaponigusa.

Mdogo wangu aliposoma kaunta buku akaniuliza, "Dada, kwa hiyo vya nje ndiyo basi?" Hapana. Vya nje vipo vinane. Ninachokataa ni kuvitanguliza vitabu vitakavyonisubiri, huku visivyoweza kusubiri vikiniponyoka. Tena kuna vya nje vinavyopotea pia. Mjini kwetu mara moja moja huibuka vile vitabu vilivyochapwa Moscow kwa Kiswahili, vya enzi za Usovieti, karatasi yake laini na herufi zimebanana. Nchi iliyovichapa haipo tena tangu 1991. Nikikikuta kimoja nanunua bila kuuliza mara mbili, hata kama ni cha kilimo.

Za PDF niseme kidogo. Kwenye magrupu ya Telegram vitabu vya Kiswahili vinarushwa bure kila siku, vingine vya waandishi walio hai, wanaoishi mji huuhuu, wanaopanda daladala na sisi. Hizo niliziondoa zote kwenye simu. Mwandishi wa Kiswahili anauza nakala chache, na kila inayorushwa hivyo ni mlo uliotoka mezani kwake. Kama kitabu kipo dukani, nanunua au nasubiri mshahara. Nalisema hili kila nikipata nafasi na nitaendelea kulisema.

Kilichobaki ni vitabu 41. Ni orodha ninayoweza kuisoma yote kwa pumzi moja, na kila jina nikilisoma najua nitakitafuta wapi.

Juu kabisa nimeweka Kuli. Kwa miaka yote hii napita mbele ya geti la bandari asubuhi na jioni, naona vibarua wanavyosubiri kuitwa, na sijawahi kusoma riwaya inayohusu watu wa kazi hiyo. Adam Shafi ameijenga juu ya mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948. Mwaka mmoja kabla, 1947, wafanyakazi wa bandari ya hapa Dar walikuwa nao wamegoma. Babu yangu mzaa mama alikuja mjini baadaye kidogo na alifanya kazi za bandari, alikuwa akitaja majina ya meli kama mtu anavyotaja majina ya jamaa zake. Sikuwahi kumuuliza vya kutosha. Kitabu hiki hakitanijibia yale ambayo yeye angenijibu, lakini nitajua walau niulize nini kwa wazee waliobaki.

Chini yake nimeweka Vuta N'kuvute, cha Adam Shafi huyohuyo, ambacho kwa karatasi nimeshakisoma. Kilikuwa cha mtihani. Tulikisoma kwa maswali: eleza dhamira, jadili wahusika, toa mifano. Ninachokumbuka ni majibu. Yasmini na Denge nimewajua kama hoja za aya, sijawajua kama watu. Nimeamua vitabu vya mtihani vinastahili kurudiwa bila kalamu mkononi, na kuna vitatu vya namna hiyo kwenye orodha.

Vipo vya Baba pia. Baba alikuwa msomaji wa riwaya za upelelezi, za Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Nyumbani wapelelezi wao, Willy Gamba na Joram Kiango, walikuwa wakitajwa mezani kama majirani. Rafu yake ilikuwa imejaa, vikaazimwa kimoja kimoja, vikaenda moja kwa moja. Siku hizi macho yake hayasomi vizuri. Nimeviweka vinne kwenye orodha, na hivyo nitavisoma kwa sauti, jioni nikienda kwake Tabata. Alishaniambia tuanze na Kufa na Kupona. Kuna wanaodharau vitabu vya aina hii, wanasema si fasihi nzito. Mimi najua mtu aliyevisoma mpaka vikachanika, na ndiye aliyenifanya niwe msomaji.

Vingine sita sijaviona kuuzwa popote, kwa hiyo nimeviwekea alama ya Maktaba Kuu ya Taifa, pale Bibi Titi Mohamed. Maktaba ile ipo tangu 1967, na wachapishaji wanatakiwa kisheria kupeleka nakala. Vitabu vya namna hiyo siviweki kwenye foleni ya usiku nyumbani. Navipangia Jumamosi za asubuhi, nakwenda na daftari, nakaa, nasoma humohumo. Kumbe ukishaamua kitabu kitasomewa wapi, kinaacha kukusumbua.

Ushairi umeniletea ugumu wa peke yake. Diwani haimalizwi, unaifungua, unaifunga, unairudia. Nimezitoa zote kwenye kaunta buku nikaziweka kando ya kitanda, bila foleni na bila zamu. Kichomi ya Kezilahabi ipo hapo sasa hivi.

Majina mapya hayajakoma kuja, na sitaki yakome. Nimekubaliana na nafsi yangu kwamba jina jipya linaingia na maelezo yake: nani kanipa, na kwa nini hakiwezi kusubiri. Mtu akinitajia kitabu, namuuliza kimemfanya nini. Wiki iliyopita mfanyakazi mwenzangu alinitajia kimoja, nikamuuliza, akafikiri, akasema, "Kusema kweli sijakisoma, nimeona watu wanakisifia." Tukaendelea na kazi. Mwingine, mama anayetuuzia chai pale ofisini, aliniona na Kichwamaji akaniambia alikisoma sekondari, akalia, na akaacha kuongea na kaka yake kwa siku mbili. Yeye nimemuuliza kitabu kingine anachokipenda na jina alilonipa nimeliandika palepale.

Sasa nina ombi. Katika vile 41 kuna kimoja ninachokitafuta zaidi, na sijakipata mezani wala dukani: Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1972. Chapa yoyote inanifaa, hata isiyo na jalada, mradi kurasa zimetimia. Aliye nayo na anaiuza, aniambie bei. Aliye nayo na hawezi kuiachia, aniazime kwa mwezi mmoja, nitairudisha mwenyewe mpaka mlangoni, iwe Kigamboni iwe Bunju, na itarudi imejaladiwa kwa karatasi mpya ya kaki.